MKANDARASI WA MICHORO KATIKA MAKUMBUSHO YA HISTORIA: AAJIRIWE VIPI, NA AKABIDHI NINI

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya maofisa wa Serikali wanaoshughulikia mambo ya kale, mipango, fedha na manunuzi, pamoja na kamati za wananchi zinazohifadhi vitu vya historia katika maeneo yao. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wasomaji wote.)



Makumbusho ya historia ya mahali ndipo watu wa mahali hapo wanapojieleza mbele ya wageni na mbele ya watoto wao. Vitu vilivyomo ndani yake, jembe la zamani, chungu, ngoma, hati au picha, havisemi vyenyewe. Husemewa na mabango ya maelezo, ramani, lebo na michoro iliyotundikwa ukutani. Mgeni akitoka, hukumbuka alichokisoma kama anavyokumbuka alichokiona. Kwa hivyo yule anayepanga maandishi na picha hizo, yaani msanifu wa michoro, si fundi wa mapambo tu. Ni mshirika katika kusema jambo ambalo umma utaliamini kwa miaka mingi.

Hata hivyo, ofisi nyingi humtafuta mtu huyu mwisho kabisa, wakati jengo limekwisha kupakwa rangi, siku ya ufunguzi imekwisha kutangazwa, na fedha iliyobaki ni chenji. Hapo huitwa mtu yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapia, akapewa karatasi chache na siku chache. Matokeo yake hujulikana: majina yamekosewa, ramani ni za zamani, picha zimechukuliwa pasipo idhini, na mabango yanapauka kabla ya mwaka kumalizika. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii hasara ya haraka hutundikwa ukutani ikasomwa na kila apitaye.

Mfano wa Nanyala

Ili jambo hili lifahamike vyema, yafaa uchukuliwe mfano wa mahali mbali na bahari. Nanyala ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, upande wa kusini-magharibi ya Tanzania Bara, katika nchi ya nyanda za juu inayoelekea Tunduma na mpaka wa Zambia. Visiwani makumbusho yana mizizi ya muda mrefu. Beit el-Amani, jumba la Makumbusho ya Amani hapa Unguja, lilifunguliwa mwaka 1925, na waliofuata walikuta kuta, makabati na daftari. Lau wakaazi wa mahali kama Nanyala wangekata shauri kufungua chumba cha historia yao, wao wangeanza na kuta tupu. Ndiyo sababu mfano huo una mafunzo kwa kila shehia na kila wilaya inayotaka kufanya kazi kama hiyo.

Historia ya kuonyeshwa haikosekani. Wilaya ya Mbozi ni nchi ya Wanyiha, watu waliosifika kwa ufuaji wa chuma, wakiyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo. Mwishoni mwa karne ya 19 walifika wamisionari wa Kanisa la Moravian. Baadaye kilimo cha kahawa kikaenea na kuwa tegemeo la watu wengi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita katika wilaya hiyo. Barabara kuu iendayo Zambia nayo inapita humo.

Juu ya hayo yote, katika wilaya hiyo hiyo, mahali paitwapo Ndolezi, kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi, na ambalo ni miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani. Sehemu yake iliyo kubwa, yapata asilimia 90, ni chuma, na nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Hakuna shimo la kishindo lililoonekana mahali kilipo, na kwa ajili hiyo wataalamu wanaamini kuwa kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, hata alama za kuanguka kwake zikafutika.

Neno moja ukutani

Sasa tuseme mkandarasi amepewa kazi ya kutengeneza bango la kimondo hicho. Hakupewa maandishi yaliyohakikiwa, kwa hivyo anatafuta mwenyewe. Atakuta imeandikwa mahali pengi kwamba kimondo "kiligunduliwa mwaka 1930" na mpima ardhi aliyetoka Johannesburg. Naye ataandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, na pengine ataweka picha ya Mzungu mwenye kofia.

Maneno hayo yana ukweli na yana upungufu. Ni kweli kwamba habari za kimondo ziliwafikia watu wa nje mwaka huo. Lakini wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Kusema kwamba kitu kiligunduliwa siku alipokiona mgeni ni kusema kwamba macho ya wenyeji hayakuwa macho. Watu waliofua chuma kwa vizazi vingi hawakuhitaji kufundishwa kwamba lile halikuwa jiwe la kawaida. Mtoto wa skuli wa Nanyala akisoma bango la namna ile katika makumbusho ya kwao, atajifunza kwamba babu zake hawakuwepo. Mwacha asili ni mtumwa, na mwenye kuandikiwa asili yake na mtu asiyeijua huachishwa asili hiyo bila ya kutambua.

Bango lililo sawa litasema hivi: wenyeji walikijua kimondo hiki kwa muda mrefu, mwaka 1930 habari zake ziliandikwa na kuwafikia wataalamu wa nje, baada ya hapo udongo uliokizunguka ulichimbwa ili kionekane chote, na udongo ulioachwa chini yake ukaimarishwa kwa saruji. Maneno hayo hayazidi sana yale ya kwanza, wala hayagharimu senti zaidi kuchapwa. Yanachogharimu ni mtu wa kuyahakiki kabla ya mkandarasi kuanza kazi.

Mfano wa pili ni uzito. Vitabu vimetofautiana. Vingine vinasema tani 12, vingine tani 16, na vingine vimefika hadi tani 25. Mkandarasi akiachiwa mwenyewe, bango la mlangoni litasema 12 na kijitabu kitasema 16. Kamati ya makumbusho haina budi kukata shauri mapema. Aidha ichague makadirio moja na kueleza kuwa ni makadirio, ama iwaambie wasomaji waziwazi kwamba wataalamu wametofautiana. Msomaji haudhiki kuambiwa kuwa jambo lina khitilafu. Huudhika akikuta makumbusho yanajipinga yenyewe.

Mfano wa tatu ni majina. Katika baadhi ya vitabu na ramani za zamani za Kizungu, Wanyiha wameandikwa "Nyika". Msomaji wa mwambao akiona neno hilo atadhani wanatajwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao nao zamani waliitwa Wanyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Msanifu anayenakili ramani kama alivyoikuta atakuwa amewahamisha watu kutoka mpaka wa Zambia hadi Mombasa kwa kalamu moja.

Mfano wa nne ni mipaka. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, ukimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Ramani yoyote iliyochorwa kabla ya hapo itaiweka Nanyala ndani ya Mbeya. Si kosa kuitumia ramani ya zamani kueleza mambo ya zamani, mradi mwaka wake uandikwe. Kosa ni kuitumia kama ramani ya leo.

Matayarisho kabla ya kutangaza zabuni

Kutokana na mifano hiyo, jambo la kwanza linalotakiwa ni hadidu za rejea zilizokamilika. Hadidu za rejea ni maelezo ya kazi yanayomwambia mzabuni nini kinatakiwa, kwa kiasi gani, kwa muda gani na kwa masharti gani. Ofisi isiyojua inachotaka haiwezi kumlaumu mkandarasi kwa kuleta asichotakiwa. Mambo yafuatayo yasikosekane.

Kwanza, idadi. Yatajwe mabango mangapi, lebo ngapi, ramani ngapi, na vipimo vya kila kimoja. "Mabango ya kutosha" si kipimo. Chumba kimoja chenye mabango 20, kila bango maneno 120, ni maneno 2,400 ya kuandikwa, kuhakikiwa na kusahihishwa. Hesabu hiyo peke yake huionyesha kamati ukubwa wa kazi.

Pili, nani anaandika. Msanifu wa michoro hapaswi kuwa ndiye mwanahistoria. Maandishi yatayarishwe na makumbusho, yahakikiwe na wazee na wataalamu, kisha ndipo akabidhiwe. Kosa likionekana kwenye karatasi hurekebishwa kwa kalamu. Likionekana kwenye bango lililokwisha kuchapwa, hulipiwa bango jipya.

Tatu, lugha. Itajwe lugha zipi zitatumika na ipi itatangulia. Katika makumbusho ya wananchi, Kiswahili kitangulie, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za lugha ya kigeni. Majina ya vitu kwa lugha ya wenyeji, kama vile Kinyiha katika mfano huu, yaandikwe pia, kwani mara nyingi jina la chombo lina historia ambayo tafsiri haiwezi kuibeba.

Nne, hali ya mahali. Visiwani adui ni unyevunyevu na chumvi ya bahari. Misumari hushika kutu na karatasi huota ukungu. Nyanda za juu adui ni vumbi la kiangazi na jua kali. Mkandarasi atake kujua bango litakaa ndani au nje, litapigwa na jua saa ngapi, na litasafishwa kwa nini. Kwa vitu vya karatasi na nguo za zamani, taa nazo zipimwe, kwani mwanga mkali huviharibu, na kipimo kinachotumiwa na makumbusho mengi duniani kwa vitu vya namna hiyo ni mwanga usiozidi laksi 50.

Tano, msomaji. Bango lisomwe na mtu mzima aliyesimama, na mtoto, na mtu aliye katika kiti cha magurudumu, na mzee ambaye macho yamepungua nguvu. Katikati ya bango pawe kiasi cha mita 1.4 hadi 1.5 kutoka sakafuni. Herufi za maelezo makuu zisipungue ukubwa wa pointi 24. Rangi ya herufi itofautiane waziwazi na rangi ya nyuma yake. Wasanifu wengine hupenda herufi nyeupe juu ya picha yenye mawingu. Hupendeza kwenye kioo cha kompyuta, lakini haisomeki ukutani.

Kwa upande wa Visiwani, na mwambao wote, liko jambo jengine. Hati nyingi za kale ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadhi ya programu za kompyuta, zisipowekwa sawasawa, huzitenganisha herufi hizo zilizopasa kuungana, au huzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Asiyejua kusoma haoni kosa. Anayejua huona aibu. Endapo maandishi yenyewe ni aya ya Kurani, basi si aibu tu. Hadidu za rejea ziseme kwamba kila andiko la Kiarabu litapitiwa na msomaji mjuzi na kutiwa sahihi yake kabla halijachapwa.

Kumpata aliye bora

Baada ya matayarisho hayo, taratibu za manunuzi ya umma zifuatwe. Kwa Tanzania Bara, sheria iliyotungwa karibuni ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023, na zabuni za umma hupitishwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kwa Zanzibar ipo Sheria ya Manunuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya mwaka 2016. Taratibu hizo hazikuwekwa kuwachelewesha watu. Zimewekwa ili fedha ya wananchi isipite mlango wa nyuma, na ili kila kijana mwenye ujuzi apate nafasi sawa na yule anayejulikana na ofisi.

Watumishi wengi hudhani kwamba sheria huwalazimisha kumchukua mwenye bei ya chini kuliko wote. Fikra hiyo inafaa zaidi kwa ununuzi wa vitu vilivyo sawa, kama karatasi au saruji. Kazi ya ubunifu na ushauri hupimwa kwa ubora na bei kwa pamoja, ilimradi vigezo na alama zake viwe vimetangazwa tangu mwanzo. Mzabuni huleta bahasha mbili: moja ya ufundi na moja ya fedha. Ya ufundi hufunguliwa na kupimwa kwanza, na ya fedha hubaki imefungwa.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba alama zimegawanywa 70 kwa ufundi na 30 kwa bei. Mzabuni wa kwanza amepata ufundi 85 katika 100, na bei yake ni shilingi milioni 24. Wa pili amepata ufundi 60, na bei yake ni shilingi milioni 18. Kwa ufundi, wa kwanza anapata 59.5 na wa pili 42. Kwa bei, mwenye bei ya chini anapata zote 30, na mwengine anapata kwa uwiano, yaani 18 kugawanywa kwa 24, mara 30, ambayo ni 22.5. Jumla, wa kwanza ana alama 82 na wa pili ana 72. Aliye ghali ameshinda, na ameshinda kwa haki, kwa hesabu ambayo mkaguzi yeyote anaweza kuirudia. Tena, ikiwa ilitangazwa kuwa asiyefikisha alama 70 za ufundi ataondolewa, bahasha ya fedha ya mzabuni wa pili isingefunguliwa kabisa.

Katika kupima ufundi, kamati isidanganyike na uzuri wa karatasi za matangazo. Anayebuni nembo za vinywaji na mabango ya sabuni anaweza kuwa hodari kwa kazi hiyo, lakini tangazo hutakiwa kusomwa kwa sekunde mbili, na bango la makumbusho hutakiwa kusomwa kwa dakika mbili na kuaminiwa miaka kumi. Waulizwe wazabuni: wamewahi kupanga maandishi marefu ya lugha mbili? Wamewahi kufanya kazi na kamati ya wazee? Bango walilolitengeneza miaka mitatu iliyopita liko wapi, na lina hali gani leo? Ofisa aende akaliangalie. Kwa mikoa ya nyanda za juu, mahali pa kwenda kutazama ni Makumbusho ya Boma la Iringa, jengo lililojengwa na Wajerumani mwaka 1914 na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2016. Kutembelea makumbusho ya jirani kabla ya kuanza yako ni gharama ya nauli tu. Kuuliza si ujinga.

Halikadhalika wasisahauliwe vijana wa mahali penyewe. Msanifu mkuu anaweza kutoka Dar es Salaam, Mbeya au Unguja, lakini mkataba unaweza kumtaka achukue vijana wawili wa pale pale kama wanafunzi wa kazi. Siku bango likipasuka, asiwe mtu wa mbali tu ndiye ajuaye kulirekebisha.

Mkataba na malipo

Mkataba ndio mlinzi wa pande zote mbili. Malipo yafuate hatua za kazi. Sehemu ya kwanza ilipwe baada ya kukubaliwa mpango wa jumla na sampuli ya bango moja. Ya pili baada ya michoro yote kupitishwa. Ya tatu baada ya mabango kuchapwa na kutundikwa. Na ya mwisho baada ya muda wa matazamio kupita pasipo kasoro. Malipo ya awali, endapo yatatolewa, yatolewe kwa dhamana kama sheria inavyoelekeza. Kwa upande wake, Serikali nayo itimize ahadi yake. Mkandarasi mdogo anayenunua vifaa kwa fedha ya mkopo hawezi kungoja malipo miezi minane. Ofisi inayochelewesha malipo hujikuta mwaka unaofuata haina mzabuni mzuri wa kuiomba kazi.

Hesabu ya masahihisho iandikwe pia. Ikubaliwe, kwa mfano, duru mbili za masahihisho kwa kila bango. Duru ya kwanza isomwe na wataalamu, ya pili isomwe na wazee wa mahali, nayo isomwe kwa sauti, kwani wapo wazee wenye elimu kubwa ambao macho yao hayasomi tena. Baada ya hapo mtu mmoja tu, aliyetajwa kwa cheo katika mkataba, ndiye atie sahihi ya kuruhusu uchapaji. Mahali wanapoamuru watu saba, mkandarasi humtii wa mwisho kumpigia simu.

Hakimiliki ni sehemu ambayo ofisi nyingi huipita kwa miguu ya haraka. Kwa Bara ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na kwa Zanzibar ipo Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003. Ofisi isidhani kwamba kwa kuwa imelipia mchoro, imekuwa mwenyewe wa haki zote. Mkataba useme waziwazi kwamba makumbusho yanaweza kuuchapa tena, kuutia katika kitabu, katika kadi za posta na katika tovuti, pasipo kuomba upya. Picha za zamani nazo zina wenyewe. Picha nyingi za nyanda za juu za kusini za wakati wa Wajerumani zimehifadhiwa Ulaya, zikiwemo zilizomo katika hifadhi ya kumbukumbu ya Kanisa la Moravian huko Herrnhut, Ujerumani. Kuziomba kwa barua ni kazi ya wiki kadhaa, kwa hivyo ianze kabla ya zabuni. Vile vile picha ya mzee wa kijijini, au sauti yake, isitumiwe pasipo ridhaa yake au ya jamaa zake.

Kinachobaki baada ya mkandarasi kuondoka

La mwisho, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi, ni makabidhiano. Makumbusho yasipokee mabango peke yake. Yapokee pia faili za asili zinazoweza kufunguliwa na kurekebishwa, aina za herufi zilizotumika pamoja na leseni zake, picha zote kwa ubora wa kuchapwa, yaani nukta 300 kwa inchi kwa kipimo kitakachochapwa, orodha ya rangi kwa namba zake, na daftari linaloonyesha kila picha imetoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pasipo faili hizo, kubadilisha neno moja katika bango moja huwa ni kuanza kazi upya, au kumpigia magoti mtu aliyekwisha kuhama mji.

Nakala za faili hizo zihifadhiwe mahali pasipopungua pawili, na pamoja pawe nje ya jengo la makumbusho. Tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa mjini Rio de Janeiro, nchini Brazil, na sehemu kubwa mno ya vitu vyake. Hapa kwetu, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, iliporomoka, na roho za watu zikapotea. Msiba huo hauna haja ya kuelezwa kwa watu wa Unguja, kwani waliuona kwa macho yao. Unatajwa hapa kwa ajili ya funzo moja tu: jengo la mawe na miti, hata liwe la miaka 137, linaweza kuanguka siku moja, na yaliyoandikwa ndani yake yakafukiwa. Kilichohifadhiwa mahali pawili kina matumaini ya kubaki.

Ndugu watumishi na wananchi,

Yaliyoelezwa hapa yanaweza kufupishwa kwa maneno machache. Maandishi yatangulie, msanifu afuate. Hadidu za rejea ziwe na idadi na vipimo. Ubora upimwe pamoja na bei, kwa alama zilizotangazwa. Wazee wa mahali wasikilizwe kabla ya kuchapa. Haki za picha ziombwe mapema. Malipo yaende kwa hatua na yalipwe kwa wakati. Faili za asili zikabidhiwe, na zihifadhiwe pawili.

Hayo si mambo ya makumbusho makubwa tu. Chumba kimoja cha skuli, kikiwa na mabango kumi yaliyo sahihi, kinatosha kumweleza mtoto wa Nanyala kwamba chuma kilifuliwa na babu zake, na kwamba lile pande la Ndolezi lilikuwa na watu waliolijua kabla halijaandikwa na mgeni. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Makunduchi, wa Mkokotoni na wa Wete, kwa historia ya kwao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe katika kazi hii ni kusoma kila neno mara mbili kabla ya kutia sahihi.